Utando wa Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Singida Mjini, Sajini wa ghala la silaha la polisi alinitazama mikono, akanionyesha mlango na kuniambia nirudi nikishakata kucha. Nilitoka nikiwa nimenuna. Niliporudi ndipo akanieleza kwamba madini ya risasi hujificha chini ya kucha, ukila nayo ugali yanaingia mwilini, na kuyatoa ni shughuli. Nilimpa shikamoo mara mbili siku hiyo. Ya pili ndiyo ilikuwa ya kweli.

Ninyi vijana mnadhani bastola husafishwa kwa mafuta na kitambaa, basi. Thubutu. Ziko risasi zenye gamba la shaba, na ziko zilizo madini hayo matupu, bila gamba. Hizo tupu zikipita kwenye mtutu huacha utando wa kijivu ndani ya michirizi, ile mifereji inayoifanya risasi izunguke inapotoka. Utando ukizidi, bastola inapiga ovyo, na inaweza hata kumpasukia mtu mkononi. Kuutoa, unavua mtutu, unaupaka mafuta mepesi, unauacha ulowe. Kisha unachuna nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa umeme, unazisokota kwenye burashi kuukuu, unasukuma kwa ufito kutoka nyuma kwenda mbele. Shaba haikwaruzi chuma, lakini utando inaukwangua. Vinatoka vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya dagaa. Kitambaa ulichofutia unakichoma nje, mbali na watu, wewe ukikaa upande unakotoka upepo. Mwisho unaweka karatasi nyeupe upande mmoja wa mtutu ikirudisha mwanga, unachungulia upande wa pili. Sajini alikuwa na amri moja niliyoishika kama sala: ukiona uchafu, safisha saa hiyohiyo, maelezo baadaye.

Enzi za soko huria zilipofika, wengi tulipunguzwa kazini. Kampuni binafsi iliyokuja kuchimba dhahabu Sekenke ilitaka fundi wa silaha za walinzi, nikaenda. Kwetu ni Iramba, kwa hiyo nilikuwa nimerudi nyumbani. Mama alikuwa na shamba la mtama, na mdogo wangu Elia alikuwa akichimba na wenzake kwenye mashimo ya zamani, kule kwenye mteremko, ambako hata kishindo kidogo kilimwaga udongo. Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Ghala, mtu wa Manyoni, mstaafu wa jeshi, mpole mno, sauti ya chini hata anapokaripia. Sanduku la bastola lilikuwa na funguo mbili, mmoja wangu, mmoja wake, na kila mmoja ulitosha kulifungua.

Jumatatu moja nilifungua sanduku, nikavua mtutu wa bastola niliyokuwa nimeisafisha Ijumaa kwa mkono wangu. Ndani kulikuwa na utando. Kitabu cha ghala kilisema bastola haijatoka. Risasi zetu zote zilikuwa na gamba la shaba, na zote zilikuwepo. Nikaenda na ule mtutu mkononi hadi kwa Mkuu.

"Mkuu, shikamoo. Hii imepigwa."

"Marahaba." Akachungulia bila haraka. "Haijapigwa, binti. Mtutu ukikaa unatoka jasho. Uchafu wa zamani unajitokeza wenyewe."

Ni kweli, mtutu hutoka jasho, hata Sajini alikuwa akisema hivyo. Nikausafisha. Jumatatu iliyofuata utando ulikuwa umerudi. Ya tatu pia.

Siku hizohizo watu wa mteremkoni walianza kusikia mambo. Jumapili alasiri, machimbo yakiwa matupu, mlio mmoja ulikuwa ukitoka chini ya ardhi. Ukienda kutazama, hakuna mtu. Wazee wakasema ni wale waliofukiwa humo enzi za Mjerumani, wanagonga wakitaka kutoka. Wachimbaji wakaanza kufunga virago mmoja mmoja. Mimi nilijua Jumapili kuna mlio na Jumatatu kuna utando. Nakiri, kilichonijia kwanza kichwani hakikuwa mtu. Niliwaza kwamba bastola inatoka yenyewe sandukuni, inakwenda kwao, inarudi. Nikawa naogopa hata kuishika.

Nilimwambia Elia atoke pale. Akacheka.

"Dada, wafu watapata wapi bastola?"

"Toka tu."

"Nikitoka, shimo langu litachukuliwa. Kama unajua kitu, sema."

Nikageuka, nikashika njia ya kurudi ghalani. Uoga ulikuwa umeshapungua, na nikiwa na akili zangu nilijua funguo ni mbili. Lakini nilikuwa nimeshapunguzwa kazi mara moja, na hilo la mara ya pili lilinitisha kuliko mizimu.

Jumapili ya nne nilikuwa kwa mama tukipepeta mtama. Elia alikuwa amekwenda kuchukua sururu yake shimoni. Tuliusikia mlio, mmoja, mzito, kama mlango unaofungwa chini ya nyumba. Kuku wakanyamaza. Baada ya hapo ardhi ikanguruma. Mama akaweka ungo chini, akasema, "Elia."

Shimo lilikuwa limeporomoka. Tulichimba hadi giza, tukaanza tena alfajiri. Jua lilipopanda niliwaacha wakichimba, nikaenda ghalani na udongo wangu mikononi. Nilivua mtutu, nikaweka karatasi nyeupe, nikachungulia. Utando ulikuwepo.

Hapa mnielewe au mnilaani. Mikono ilianza yenyewe. Mafuta, nyuzi za shaba, ufito, kitambaa. Nilikuwa nalia na huku nasukuma. Niliporudi kuchungulia mara ya pili, mtutu ulikuwa unang'aa, na kitambaa chenye ule utando kilikuwa kimeshaungua huko nje. Ndipo nilipotambua nimefanya nini.

Mchana alikuja mpelelezi kutoka Kiomboi, mtu makini, kwa kuwa wachimbaji walitoa taarifa ya ule mlio. Akachungulia mtutu dirishani.

"Nani kausafisha?"

"Mimi. Leo asubuhi."

"Ulikuta nini?"

"Risasi. Utando wa risasi."

"Uko wapi?"

Sikuwa na cha kumwonyesha. Mkuu wa Ghala alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. "Binti amefiwa, afande," alisema kwa ile sauti yake. Mpelelezi akafunga daftari, akanipa pole.

Elia hakupatikana. Wachimbaji waliobaki wakakimbia, na mwezi uliofuata kampuni ilisimika vigingi vyake pale mteremkoni, Mkuu akapandishwa cheo na kuhamishwa. Mimi nilihamia Itigi kwa mwajiri mwingine, nikafanya kazi mpaka kustaafu. Vijana wakinijia kujifunza, nawafundisha yote ya Sajini isipokuwa ile amri yake. Nawaambia, ukikuta uchafu, andika kwanza, mwite mtu wa pili auone kwa macho yake, ndipo ushike burashi.

Mama aliamini ni wale wa shimoni waliomchukua. Kila mavuno alipeleka unga wa mtama kule juu, akawaomba wamrudishe, na mimi ndiye niliyembebea kikapu. Alipolala kitandani mara ya mwisho, alinishika mkono.

"Yule afande wa Kiomboi aliniambia bastola ya kampuni ilikuwa safi. Wewe ndiye fundi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Ilikuwa safi kabisa."