Bi Pindo na Makato

Jina lake halisi walilijua wachache, na wengi wao walikwisha tangulia mbele ya haki. Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu hapakuwa na fundi aliyepiga pindo likanyooka kama lake. Gauni lililotoka chini ya cherehani yake halikuninginia upande mmoja hata liwe limekatwa kwa kitambaa kikorofi namna gani. Mumewe naye walimbandika jina la Makato, na hilo lina kisa chake.

Makato alifanya kazi maisha yake yote katika duka la kubadili fedha. Alikaa nyuma ya kioo kinene chenye upenyo chini wa kupitishia noti, akipokea za huku na kutoa za kule. Pesa moja inapogeuka kuwa nyingine kuna kipande kinachobaki njiani, na mshahara wake ulitoka katika vipande hivyo. Aliwaona wasafiri wakipokea noti zao na kushukuru, naye akajua wamekatwa kiasi gani. Tusimwonee, hakuwa mkono wa birika. Angekulipia nauli, angekununulia chakula, na deni lako angelisahau. Lakini umtajie makato, mishipa ya shingo ilimsimama. Yeye alikuwa upande wa pili wa kioo, alisema, na aliapa hatakaa upande ule mwingine akiwa hai.

Bi Pindo yeye maisha yake yaliishia pale macho yanapoishia kwenye sindano. Chumba chake cha kazi pale nyumbani, ndicho duka lake, kilikuwa na cherehani mbili, meza iliyojaa mikwaruzo ya mkasi, kioo kirefu cha wateja na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Toka ujana wake alitazama vitu vya karibu tu: tundu la sindano, mshono, kifungo, chaki. Siku moja mteja aliyeshonesha nguo za safari alisahau mezani kijitabu cha kampuni ya meli za starehe. Bi Pindo akakifunua huku anasubiri pasi ipate moto. Kulikuwa na picha ya sitaha, na nje ya sitaha maji, na baada ya maji hamna kitu. Akaitazama mpaka pasi ikaanza kunuka.

Jioni alimwambia mumewe, "Nimechoka na vitu vyenye pindo. Nataka kabla sijafa nione kitu kisicho na mwisho wa kukunja."

Makato alicheka, kisha akaona mkewe hacheki. Walikuwa na akiba, watoto walikwisha jitegemea, na kazini alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Akakubali, na kwa Makato hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko meli yenyewe. Wakaenda kwa wakala, wakachagua safari, wakalipa kianzio.

Hapo ndipo wakala, kijana mpole asiyejua alichokuwa anakichokoza, alipotamka neno. Melini kila kitu kingelipwa kwa dola, akasema, na kadi yao ya benki ingekatwa asilimia kadhaa kwa kila malipo, kwa kuwa ni fedha ya kigeni.

"Kila malipo?" Makato akauliza.

"Kila malipo, mzee."

"Yaani nikinywa chai wanakata. Nikiongeza kikombe wanakata tena."

"Ndiyo utaratibu wa benki, mzee."

"Utaratibu naujua mimi kabla hujazaliwa," Makato alisema, akainuka. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuongea jambo jingine. Zipo kadi zisizokata, alisema. Angetafuta moja, halafu ndipo waende.

Wiki hiyohiyo Bi Pindo alishindwa kutunga uzi. Alijaribu, akalowesha ncha kwa mate, akajaribu tena, mwishowe akamwomba mteja amtungie, akisingizia usingizi. Alikuwa pia ameanza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Akaenda kwa daktari wa macho peke yake, akakaa gizani kidevu juu ya kichuma cha mashine ya kupimia, na taa ikazunguka ndani ya jicho lake.

"Ni presha ya macho, mama," daktari akamwambia. "Na imekaa muda mrefu. Kilichokwenda hakirudi. Nitakupa dawa ya matone ishike kilichobaki, lakini sikudanganyi, haitakishika milele."

"Nina muda gani?"

"Mwaka, labda na ushee. Usikae na jambo hili peke yako. Waambie wa nyumbani."

Hakuwaambia. Alipiga hesabu yake mwenyewe, na kwa maoni yangu haikuwa hesabu mbaya, ila ilikuwa ya mtu mwenye hofu. Angemwambia mumewe, hela ya meli ingehamia hospitali siku ileile, ikanunue kitu ambacho daktari amekwisha sema hakinunuliki. Angekaa nyumbani akitazama ukuta wa jirani mpaka nao upotee. Kumbe akinyamaza, watapanda meli msimu huo, ataiona bahari, kisha atasema. Akaificha chupa ya matone ndani ya kopo la vifungo.

Jambo moja hakulitia katika hesabu: Makato.

Benki ya kwanza ilimkataa. Wakati huo alikuwa amekwisha staafu, hana tena hati ya mshahara, na kadi ile walipewa wenye kipato kinachoingia. Aliandika barua ya kulalamika, akasubiri jibu, msimu ukapita. Wakala akawasogezea safari kwa msimu uliofuata. Makato akapata wazo ambalo alijipongeza nalo siku kadhaa: mkewe ana duka, hela inaingia, basi kadi iombwe kwa jina la mkewe. Ikaombwa, ikatoka, na jina limekosewa herufi moja.

"Herufi moja tu," Bi Pindo alisema. "Si twende hivyohivyo?"

"Mashine ikiikataa tutalipia ile ya kawaida. Tutakatwa."

"Basi tukatwe, baba. Tukatwe tu. Mimi nataka kwenda."

Makato alimwangalia kwa mshangao, maana kwa miaka yote ya ndoa mkewe hakuwahi kumwomba akatwe. "Mama, una haraka ya nini? Bahari haihami," akamjibu kwa upole, akairudisha kadi benki.

Bi Pindo akaingia chumba cha kazi, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Alimchukia mumewe siku ile, na baada ya kumchukia alijichukia mwenyewe, kwa kuwa sentensi moja tu ingetosha na hakuwa na ujasiri wa kuisema. Kadri siku zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Angesema leo, Makato angeuliza kwa nini hakusema jana.

Giza lenyewe lilikuja kwa pembeni. Lilikuwa kama mtu anayekunja pindo: upana wa kidole kwanza, kisha viwili, kisha kiganja, na katikati kitambaa kinazidi kuwa kidogo. Alijifunza kulizunguka. Viti aliviweka mahali palepale na kumgombeza atakayevisogeza. Gauni la mwisho alilishona kwa ncha za vidole, na mwenye gauni akalisifia. Baada ya hapo akafunga duka, akasema mikono imechoka. Makato hakuona kitu. Alisema tu kwamba siku hizi mkewe anatembea kama amebeba mtungi kichwani, akacheka, akarudi kwenye barua zake za benki.

Kadi sahihi ikafika hatimaye. Makato aliishika kama mtoto mchanga. Usiku huo alimkalisha mkewe mezani, akachora mashine ya kulipia kwenye karatasi, akamfundisha.

"Kadi ni yako, kwa hiyo utakayebonyeza ni wewe. Sikiliza. Mtego wa mwisho ndio huu. Mashine itakuuliza: unalipa kwa pesa ya nyumbani au pesa ya meli? Watakubembeleza na ya nyumbani. Utaona tarakimu ulizozizoea, moyo utatulia. Usitulie! Hapo ndipo wanapokupangia bei ya kubadilisha wanayoitaka wao, na kadi yetu yote inakuwa kazi bure. Ya nyumbani iko juu, ya meli iko chini. Bonyeza wapi?"

"Chini," alisema Bi Pindo, akitazama mahali ambapo karatasi ilipaswa kuwa.

"Hapo sawa, mke wangu."

Siku ya safari alimshika mumewe kiwiko kutoka kwenye gari mpaka juu ya ngazi ya meli, hakumwachia hata hatua moja. Makato alidhani ni mapenzi. Alikaza mkono, akatembea kifua mbele, na abiria wengine wakatabasamu kuwaona wazee wale. Bi Pindo alikuwa anatafuta. Aligeuza kichwa huku na huku, akiomba lile tundu dogo lililobaki katikati ya jicho limwonyeshe chochote. Alipata weupe, na sauti za watu, na harufu ya rangi mpya na chumvi. Hakupata zaidi ya hapo.

Mapokezi palikuwa na foleni ndefu na zulia laini lililomeza nyayo. Binti wa kaunta aliwaeleza kwamba wanaweka amana kwanza, kisha kila wanachotumia kitaingia humo. Akaisogeza mashine. Makato alikuwa ameinama anafunga zipu ya mkoba wa vitambulisho.

"Haya mama, kama tulivyosema," akanong'ona.

Namba ya siri haikumpa shida, kwani kitufe cha katikati kina kipele, na vidole vya fundi havihitaji kuambiwa mara mbili. Kisha mashine ikalia mlio mfupi. Swali lilikuwa limekuja. Lilikuwa kwenye kioo laini kisicho na kipele wala mshono. Bi Pindo akapeleka kidole chini, akabonyeza.

Karatasi ikatoka. Makato akaidaka, akaisoma, na sauti yake ikajaa mapokezi yote.

"Umebonyeza nyumbani! Mama, miaka miwili nahangaika, umebonyeza nyumbani!"

"Nimebonyeza chini."

"Hii wameibadilisha, ya nyumbani ndiyo iko chini! Si imeandikwa hapo, maandishi makubwa hivyo, mbele ya macho yako!"

"Mzee, usijali," binti akasema. "Tunaweza kufuta, mama ataingiza upya."

Akaisogeza mashine tena, kidogo upande wa kushoto. Bi Pindo akanyoosha mkono kuifuata, akashika kaunta tupu. Akapapasa. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, pembeni ya binti, na alikuwa anautabasamia ule ukuta kwa adabu.

Makato akaishusha karatasi. Aliutazama mkono wa mkewe ukipapasa, na kiwiko chake mwenyewe kikakumbuka namna kilivyoshikwa kutoka kwenye gari. Mtungi kichwani, viti visivyosogezwa, duka kufungwa. Vyote vikamjia pamoja pale kwenye zulia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki ile wakala alipokutajia makato."

 Makato akaikunja karatasi kiganjani.

"Mwambie afute basi," Bi Pindo alisema. "Tutakatwa bure."

"Acha wakate," alisema Makato. "Acha wakate."

Akamshika mkono, akamtoa nje kwenye sitaha. Wakiwa kwenye foleni meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, na bandari ilibaki nyuma. Upepo uliwapiga usoni. Akamweka kwenye chuma cha ukingo, vidole vyake vikakishika, na mbele yao kukawa na kile kitu cha kwenye kijitabu, chote, hakuna mahali kilipokunjwa. Makato alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, na abiria walioona wakageuka pembeni.

"Niambie," alisema Bi Pindo. "Ina rangi gani?"

 Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Makato swali la namna hii katika maisha yake. "Ni kama noti ya yuro ishirini," akasema. "Ikiwa mpya."

"Sijawahi kuiona. Miaka yote umezishika, hukuwahi kuniletea hata moja nikaitazama."

Akafikiri tena, akitafuta kitu cha mkewe. "Basi ni kama lile gauni ulilomshonea dada yangu harusini. Lile ulilokesha ukilishona. Rangi ileile, buluu ileile."

 Kitambaa cha gauni lile Bi Pindo alikinunua mwenyewe, akakikata mwenyewe, na alikuwa bado anakiona vizuri kuliko kitu chochote kilichokuwa mbele yake.

"Lilikuwa zambarau," alisema.

Maji yalipiga ubavuni mwa meli. Makato alivua miwani, akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka.

"Tazama vizuri," mkewe alimwambia, bila hasira sasa. "Tazama, baba, taratibu, halafu uniambie."

Akaivaa miwani, akaanza kutazama.