Maneno ya Mtani Kaburini

Zamani kesi moja ya kale iliweza kunichukua mwaka mzima. Nilikuwa nikiandikia gazeti habari za mahakamani hapa Songea, na nje ya chumba cha mahakama kulikuwa na benchi refu ambalo watu walikaa kusubiri zamu zao. Wakiwa pale walisimuliana kesi za baba na babu zao: ng'ombe walioibwa, nyumba iliyoungua bila moto kuonekana, mtu aliyekwenda kuuza tumbaku asirudi. Mambo hayo gazeti halikuyataka, kwa hiyo niliyaandika kwenye kaunta buku zangu. Ukurasa wa kushoto niliandika nilichoambiwa. Ukurasa wa kulia niliandika nilichokiona mwenyewe au kukisoma.

Kurasa za kulia zilijaa polepole. Nilipanda basi hadi Namtumbo, nikashuka, nikatembea. Shikamoo, marahaba, karibu kiti, maji haya. Hakuna aliyejibu swali langu kabla ya kujua mimi ni mtoto wa nani na mama yangu alitoka ukoo upi. Ukimuuliza mzee nani aliiba ng'ombe, alianza na mvua za mwaka ule, akapitia ndoa mbili, akafika kwenye ng'ombe jua likiwa linazama. Wakati ule niliona ananipotezea muda.

Siku hizi nimo kwenye kundi la simu la watu wanaopenda kesi za kale za kusini. Tuko walimu, wauguzi, dereva wa lori, mwanafunzi wa chuo, watu wa Songea na Tunduru na wengine waliohamia mbali. Mmoja akipata nafasi ya kuingia kwenye nyaraka za kale anapiga picha kwa simu, na kabla chai yangu haijapoa jalada zima liko mkononi mwangu. Nakuza picha kwa vidole viwili nione mwandiko wa karani aliyekufa kabla sijazaliwa. Sitasema uongo, napenda. Macho yangu yamekuwa mabovu na magoti mabovu zaidi, na simu imenirudishia kazi niliyodhani imekwisha.

Jalada ninalotaka kulisimulia liliingia kwenye kundi siku ya Jumatatu. Lilikuwa la kabla ya uhuru, kwa Kiingereza. Mfanyabiashara Myao kutoka Nalasi, upande wa Tunduru, alifika kijiji kimoja upande wa Namtumbo kununua tumbaku. Akafikia kwa rafiki yake Mngoni, akala ugali na samaki, akalala. Asubuhi hakuamka. Alizikwa siku hiyo hiyo. Kabla maiti haijaletwa, yule mwenyeji wake aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe koti la marehemu. Askari mgeni aliyekuwa akipita alisikia maneno yake, na maneno hayo yakatafsiriwa mara mbili mpaka yakafika kwa hakimu: "Leo nimekumaliza, mtumwa wangu. Koti ni la bwana wako." Siku chache baadaye alikamatwa. Akafungwa miaka mingi.

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye mazoea ya lugha ya mahakama, kundi liliniomba muhtasari wa Kiswahili. Niliuandika kwa dakika kumi. Niliandika kwamba mshtakiwa alimtukana marehemu kwa kumwita mtumwa, akajigamba kuwa amemmaliza, akachukua mali yake mbele ya watu. Nilitaja jina lake, kwa sababu jalada lilitaja. Kufikia jioni kundi lilikuwa limeshamaliza kesi. Mmoja alisema kulikuwa na chuki ya tangu enzi za biashara ya watumwa. Mwingine alisema sumu, tena akataja mti. Mtu akausambaza muhtasari wangu kwenye makundi mengine, juu yake ameandika: MUUAJI ALIYELALA KWENYE KABURI.

Alhamisi simu yangu iliita. Sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba baba yangu ni muuaji?"

"Sikuandika hivyo, mama."

"Basi njoo unisomee ulivyoandika. Niko hapa hapa mjini, Msamala."

Nilimkuta barazani, ungo wa maharage mapajani. Nikampa shikamoo. Akaitikia bila kuinua macho, akanionyesha kigoda, akaendelea kuchambua. Alikuwa mtoto wa mgongoni baba yake alipochukuliwa. Aliporudi, tayari yeye alikuwa anachota maji mwenyewe. Nyumbani hawakuambiwa alifungwa kwa nini, ila walijua kuna mtu alikufa.

"Nilikaa na swali hilo miaka yote, likanizoea," alisema. "Sasa mjukuu wangu amejifungua mtoto wa kiume. Niliahidi kwamba mtoto wa kwanza wa kiume atabeba jina la baba. Ubatizo ni Jumapili ya wiki ijayo. Mume wake ameliona jina kwenye simu. Anasema mwanawe hataitwa kwa jina la muuaji, na mimi simlaumu. Nataka kujua. Kama aliua, niambie aliua, mtoto tumpe jina jingine."

Nilifungua picha za jalada nikaanza kumsomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Alisikiliza, mawe madogo akiyatupa pembeni. Nilipofika kwenye ushahidi wa askari mkono wake ulisimama.

"Rudia hapo. Amemwitaje?"

"Mtumwa wangu."

"Halafu?"

"Halafu anasema koti ni la bwana wako."

Aliweka ungo chini. Nilidhani analia, maana alijifunika uso kwa khanga na mabega yakatikisika. Alipoifunua nikaona anacheka mpaka machozi.

"Wewe mwandishi, kwenu wapi?"

"Hapa hapa, mama. Mimi Mngoni."

"Mngoni wa dukani! Mngoni gani anasoma Mngoni mwenzake kamwita Myao mtumwa, halafu anaandika 'alimtukana'? Ulitaka amwiteje? Baba mkwe?"

Nilisikia joto likinipanda usoni. Nimekulia katika mji huu, ambako Wangoni na Wayao ni watani, ruksa kutukanana na kuporana bila kinyongo. Nimeona watani wakipora sufuria ya wali msibani, wakijipaka majivu, wakiigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka mjane anacheka katikati ya kilio. Kazi yao ni hiyo. Mimi mwenyewe nina rafiki Myao ambaye hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita mtumwa, nami namwita hivyo hivyo, na mwaka aliolazwa hospitalini nilimpelekea uji kila asubuhi. Lakini maneno yale nilikutana nayo kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye muhuri, na sikuyasikia. Niliyasoma tu. Kama ningekwenda kwa miguu, mzee yeyote wa Namtumbo angecheka mahali pa kucheka, nami ningejua.

Mama alikuwa ameacha kucheka.

"Kumbe baba alikuwa mtani wa watu," alisema taratibu. "Mimi sikumwona akimtania mtu hata siku moja. Msibani alikaa nyuma, kwenye kuni. Watani wakija kwetu na fujo zao, yeye aliingia ndani akafunga mlango. Tukasema ana majivuno. Mama yangu peke yake alisema, mwacheni, hakuwa hivyo."

Alichukua ungo wake tena, kisha akauacha.

"Lakini hilo halijanijibu. Maneno ni utani, sawa. Yule mtu alikufa na nini?"

Nilimsomea ukurasa wa daktari. Mwili ulifukuliwa siku kadhaa baada ya kuzikwa, na daktari aliandika kwamba hakuweza kueleza sababu ya kifo.

"Hakuona sumu, au sumu haikuwepo?"

"Jalada halisemi, mama."

"Basi hujanijibu."

Alikuwa na haki. Waandishi tunapenda kupata nusu ya jibu tukaondoka tukishangilia.

Nilimwomba ruhusa, nikaandika kwenye kundi palepale barazani. Kwanza nilieleza kosa langu. Pili niliuliza kama kuna mtu anayeijua familia ya yule mfanyabiashara wa Nalasi. Zamani swali hilo lingenidai mabasi mawili na msimu wa kiangazi. Kabla sijamaliza bakuli la maharage aliyonipa, mwalimu mmoja wa kike wa upande wa Tunduru alijibu: marehemu ni babu wa mama yake, na mtoto wa marehemu bado yu hai, mzee sana, kichwa kizima. Aliahidi kwenda kwake kesho baada ya swala ya Ijumaa atupigie.

Kesho yake nilirudi Msamala. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, kana kwamba simu itamwona. Ilipoita niliweka sauti kubwa, nikaiweka juu ya stuli kati yetu.

"Asalamu aleykum," ilisema sauti ya mzee.

"Aleykumu salamu. Shikamoo, kaka."

"Kaka wa nani? Mimi sina dada Mngoni."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimemleta kwenye aibu nyingine, nikanyoosha mkono nichukue simu.

"Nasikia baba yako alichukua koti la baba yangu," sauti iliendelea. "Miaka yote hii mnalivaa tu, mnapendeza! Lirudisheni, watumwa nyie!"

Mama alivuta pumzi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile, kama mlango uliosukumwa na upepo.

"Lilikuwa na chawa!" alipiga kelele. "Tulilichoma moto! Watumwa wetu hamjui kufua!"

Upande wa pili kulikuwa na kicheko, kisha kikohozi, kisha sauti ya mtu akimwambia mzee anywe maji. Aliporudi alizungumza polepole.

"Dada yangu, sikiliza. Baba aliondoka hapa ameshika kifua. Tangu masika alikuwa anashika kifua, usiku anakaa kitako ndipo apumue. Mama alimsihi asiende. Akasema tumbaku haisubiri. Wenzake wa safari waliomzika walirudi wakatusimulia Mngoni alivyolala kaburini akadai koti, na nyumba nzima ilicheka huku inalia. Mama alisema alhamdulillahi, amezikwa na mtani wake, hakuzikwa kama mkiwa."

"Hamkusikia kwamba alifungwa?"

"Tulisikia Mngoni kafungwa. Tukajua ameiba ng'ombe, si ndiyo kazi yenu? Kwamba kafungwa kwa ajili ya baba yetu, nimeambiwa leo hii na mtoto huyu mwalimu. Hakuna mtu aliyekuja hapa kutuuliza. Si askari, si nani. Tungekwenda, dada. Mama yangu angekwenda kwa miguu."

 Mama alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, ameisogeza kifuani, na yule mzee alisubiri. Nilitoka nikasimama uani mpaka nilipowasikia wanaanza tena, sasa wanabishana nani mkubwa na nani ampe mwenzake shikamoo.

Jioni niliandika maneno ya mzee kwenye ukurasa wa kushoto, kwa kuwa ni jambo nililoambiwa. Hakuna daktari aliyelithibitisha, nami nilimweleza mama hivyo. Akasema daktari wangu hakulala kitanda kimoja na marehemu, mke wake ndiye aliyelala. Niliufuta muhtasari wa kwanza, nikaweka mwingine mrefu ulioanza na maana ya utani. Msimamizi wa kundi aliubandika juu. Lakini ule wa kwanza bado unazunguka. Wiki iliyopita nimeupokea tena kutoka kwa mtu asiyejua kwamba ni mimi niliyeuandika. Kosa la kwenye kaunta buku nilikuwa nalipiga mstari kwa rula, likaisha. Hili kila linapofika nalijibu, mtu mmoja mmoja.

Ijumaa kabla ya ubatizo, mjukuu na mume wake walifika kutoka Dodoma. Mama aliniita na jalada langu. Mume alikuwa kijana mpole, mhasibu, hana asili ya huku. Aliomba asome mwenyewe. Alisoma ukurasa wa askari mara mbili na hakucheka. Akauliza, kwa heshima, mtu anawezaje kumwita rafiki yake aliyekufa mtumwa, na kwa nini watu waone ni upendo.

"Kaa vizuri," mama alimwambia, "hapo ulipokaa utachoka."

Akamweleza. Alianza na vita vya Wangoni, akapita kwenye safari za pwani, akaingia ndoa mbili na mazishi manne, na wali ukapoa mezani. Mjukuu aliniangalia akitaka nimsaidie kufupisha. Sikufungua mdomo. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, kama babu alipotoka gerezani aliwahi kumtania mtu yeyote.

"Hapana," mama alisema. "Utani walimwondolea huko huko."

 Kijana akatoa fomu ya parokia kwenye begi la mtoto, akaikunjua juu ya meza, akaomba kalamu yangu. Alimwomba mama amtajie jina herufi kwa herufi, jinsi wao wenyewe walivyokuwa wakiliandika, si jinsi lilivyoandikwa mahakamani.