Meno ya Kulia Chakula

Tangu usichana wake Mama Klarineti amekuwa akipuliza klarineti, ala kama filimbi nene, katika bendi ya hoteli, akisikilizwa zaidi na wahudumu kuliko wageni. Sasa meno ya juu yamemtoka, na ya bandia yanateleza kila akiuma mdomo wa klarineti. Aliibeba hadi kwa daktari wa meno, akapuliza. Ikalia kama kuku aliyekanyagwa.

"Mama, hayo ni ya kulia chakula," daktari alicheka.

"Mwanangu, chakula hata ufizi unakula! Nikazie, Jumamosi napiga. Nikikosa, wanaweka mtu mwingine."

"Hayakaziki zaidi."

Mama akayatoa meno, akafunika ufizi kwa midomo, akapuliza tena. Sauti ilitoka, nyembamba, yenye kutetemeka. Machozi ya hasira yakamlenga.

"Basi yatumie wewe kulia chakula," alisema, akayaacha mezani.