Tao la Bilbao

Mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake Guildford, kitongoji cha Sydney, alizaliwa Bilbao, Hispania, na kila asubuhi nikimvisha soksi alinisimulia habari za uwanja wa mpira wa mji wao. Akiwa mtoto aliona tao kubwa la chuma likijengwa juu ya jukwaa kuu. Miaka mingi baadaye, yeye yuko huku Sydney, uwanja ulivunjwa ukajengwa mwingine, lakini tao halikutupwa. Lilipelekwa kwenye viwanja vya mazoezi. Masimulizi hayo niliyaona kuwa yangu.

Kisha akaletwa binti wa Mombasa tupokezane zamu. Siku moja nilifika mapema nikamkuta mzee anamchorea lile tao kwenye karatasi. Mimi hakuwahi kunichorea. Nikaona wivu.

Binti alipoondoka nikasema, "Yule hapendi mpira. Anakusikiliza kwa heshima tu."

Mzee akaikunja karatasi. Tangu siku hiyo hakumsimulia tena, wala mimi hakunisimulia.

Wiki ikapita. Binti akaniuliza, "Dada, mzee nimemkosea nini? Nilitaka kujua lile tao walilisafirishaje."

Niliona aibu. Nikaingia chumbani nikamwambia mzee kwamba nilimdanganya, tena kwa wivu.

"Kumbe bado kuna watu wanaugombania uwanja wangu!" akasema, akatuita sote wawili, akaanza upya. Muda mwingi alimtazama yule binti, na bado iliniuma.