Pazia la Chumba cha Mwisho

Watu walimwita Mama Uzi, naye aliitikia bila kinyongo. Alikuwa mkaguzi wa nyumba za kupanga katika halmashauri, na kwenye ncha ya kalamu yake alifunga kipande cha uzi mwekundu. Akiingia chumbani alikuwa hana maneno mengi. Alisimama karibu na dirisha, akainua kalamu, akautazama uzi. Ukicheza, hewa inapita. Ukining'inia tu, basi mwenye nyumba aanze kutafuta visingizio mapema.

Kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Hata akienda kumjulia hali dada yake, aligonga kuta kwanza ndipo aketi, mpaka dada mtu akamwuliza, "Wewe, leo umekuja kama ndugu au kama serikali?" Akilala aliota vyumba: anafungua mlango, anakuta chumba, ndani yake kingine, na kingine, vyote vimejaa jua na havina mtu. Aliamka na huzuni ambayo hakujua imetoka wapi. Labda ni kwa kuwa yeye mwenyewe, tangu azaliwe, hajawahi kulala kwenye nyumba isiyo ya kupanga.

Mchana mmoja alifika kwenye nyumba ndefu iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Hewa yote pale ilinukia sabuni, joto lilikuwa zito, na watu walikuwa wakitembea taratibu kama walio nusu usingizini. Mwenye nyumba, mama mmoja mcheshi mwenye shada la funguo kiunoni, alimtangulia ukumbini huku akiisifia nyumba yake utadhani anaiuza. Chumba baada ya chumba, uzi ulicheza. Wakafika cha mwisho.

Humo aliishi mzee mmoja, fundi viatu aliyestaafu. Kalibu zake za mbao, zile za kuundia viatu, zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda, na ukutani lilining'inia pazia la buluu lenye maua madogo meupe. Mwaka uliopita Mama Uzi alichungulia kutoka mlangoni, akaandika dirisha moja, akaenda zake. Ni kosa la watu wa kazi ile. Ukikagua vyumba kutwa nzima jicho husinzia. Likiona pazia, mkono unaandika dirisha.

Leo angefanya vilevile, lakini mzee alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, kilichomwinamisha mpaka paji la uso likakaribia magoti. Mama Uzi akaingia ndani, akainua kalamu. Uzi ulitulia tuli. Akausogeza hadi kwenye pazia lenyewe. Tuli.

"Samahani, baba," akasema, akalivuta pazia.

Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, na juu ya ukuta huo mtu alikuwa amechora dirisha. Lilikuwa na fremu, na kizingiti chenye kikombe cha chai kinachofuka moshi, na huko nje mlima wa rangi ya kahawia wenye kijia kinachopanda kikizungukazunguka mpaka mawinguni. Mama Uzi alijikuta anakifuata kijia kwa macho. Kwa kitambo alisahau kabisa amefuata nini mle ndani.

"Nani kachora?"

"Marehemu mke wangu," mzee akasema. "Tulipohamia hapa alilia, chumba hakina dirisha. Kesho yake akachukua rangi zangu za viatu. Basi kila asubuhi alikuwa analitikisa pazia kwa mkono, ananiambia, 'Amka, mume wangu, upepo umeingia.' Na mimi naamka, nasikia baridi kabisa!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Mama Uzi akaketi kitandani, jambo ambalo mkaguzi haruhusiwi. Sheria ilikuwa wazi: chumba kisicho na dirisha hakilaliwi na mtu. Ama kifungwe, ama kitobolewe dirisha, na ukuta pekee uliotazama nje ni huohuo wenye mchoro.

"Si uandike tu dirisha, kama mwaka jana?" mwenye nyumba akanong'ona. "Mzee wa watu ameshazoea."

"Kwa sababu ya mwaka jana amekohoa mwaka mzima," Mama Uzi akamjibu, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Mzee alikuwa amesikia. "Mwanangu, nikihama, nimemwacha," akasema. "Ukuta ukitobolewa, nimembomoa. Sasa niambie wewe nifanye lipi."

Mama Uzi akatoa tepu, akaupima mchoro, akarudia tena polepole. Mke wa fundi alikuwa na moyo mkubwa: dirisha lake lilikuwa kubwa kuliko lile ambalo sheria inadai.

"Fremu itabaki," akasema. "Kizingiti kitabaki. Tutatoboa hapa katikati tu, penye mlima."

"Mlima ndio aliokuwa akiutazama."

Ukumbini mtu alipita akiburuta ndala. Mzee akaukazia macho ule mlima, kisha akafuta uso kwa kiganja.

"Haya, toboeni. Lakini huyo fundi wenu asiguse kikombe. Hicho ni changu. Alikuwa akiniambia chai yangu inapoa."

Mwenye nyumba alinung'unika, akapiga hesabu za saruji kwa sauti ili asikike, halafu akakubali. Siku ya kutoboa Mama Uzi alisimama nyuma ya fundi mwashi kutwa, akimkaripia kila nyundo ilipokikaribia kikombe.

Mwashi alipomaliza na seremala akaweka kibao cha kufungia dirisha, Mama Uzi alirudi kukagua. Alimkuta mzee ameketi kitandani, amevaa shati safi. Pazia lilikuwa limeshushwa, na kibao nyuma yake kimefungwa.

"Sijafungua," akasema. "Peke yangu nilikosa moyo."

Mama Uzi akapitisha mkono nyuma ya pazia, akakisukuma kibao nje. Kwa upenyo aliona palipokuwa na mlima: ukuta wa nyumba ya jirani, bomba la maji, na kamba yenye nguo za watu. Akarudi nyuma, akainua kalamu kama kawaida yake, asiweze kumtazama mzee.

Ndipo pazia likainuka. Lilijaa taratibu, likasogea mbele kama vile kuna mtu nyuma yake analisukuma, likashuka, likainuka tena. Kwa miaka yote lile pazia halikuwahi kutikisika bila mkono. Mzee akasimama.

"Nimeamka," akasema. "Nimeamka, mke wangu."

Kwenye ncha ya kalamu uzi mwekundu ulikuwa unacheza, wala hakuna aliyeuangalia.