Hisa haina singa

Saa tano asubuhi, Dulamsuren anachochea makaa ya mawe kwenye tanuru la shule moja pembezoni mwa Ulaanbaatar, Mongolia. Koleo mkono mmoja, simu mkono wa pili. Kwenye simu, bei ya hisa zake inashuka.

Anazo hisa elfu sita za kampuni ya makaa ya mawe, alizonunua kidogo kidogo kwa miaka minne kutoka mshahara wa tugriki milioni moja na laki mbili. Leo saa nane lazima alipe milioni saba na laki nane, malipo ya awali ya nyumba ya vyumba viwili kusini mwa mji, mbali na moshi. Asipolipa, nyumba anapewa mwingine.

Moshi ndio umemlaza hospitalini binti yake Anujin, miaka sita, kwa mara ya tatu msimu huu.

"Moshi wenyewe naupika mimi," anasema, bila kucheka.

Dalali wake wa hisa, Munkhjin, anapiga simu; Dulamsuren anaweka spika. Amempata mnunuzi wa tugriki 1,350 kwa hisa, lakini anazitaka zote kwa mkupuo.

"Zote hapana," anadakia mumewe, Gonchig, aliyeleta chai ya chumvi. "Bakiza hata moja."

"Mzee, moja ya nini?" anauliza Munkhjin.

"Wewe ukiuza farasi hubakizi singa ya mkia wake? Bahati yote unamfungia mnunuzi?"

"Hisa haina singa, mzee wangu. Na bei inashuka tukiongea."

Gonchig hatanii. Zamani akiwa mfugaji aliuza dume la farasi kwa haraka, akasahau kunyofoa singa ya kubakiza bahati. Baridi ya mwaka ule ikafagia mifugo yote, wakahamia mjini. Mpaka leo anajilaumu, na sasa anamhofia mtoto.

Dulamsuren anatazama simu: 1,345. Kisha 1,342.

"Baba Anujin, na ikishuka tukakosa nyumba?"

"Na bahati ikituhama?"

"Bahati gani nibakize? Hii inayokohoa?"

Gonchig anaweka birika chini. Ni vigumu kuwatazama watu wawili wanaompenda mtoto mmoja wakiogopa vitu tofauti.

"Munkhjin, uza zote," anasema mama huyo.

Zinakwenda kwa 1,340. Baada ya makato zinabaki milioni saba na laki tisa na ushee. Saa saba na nusu risiti ya nyumba iko mkononi, na hisa hana hata moja.

Wanapanga kuhamia mara Anujin atakaporuhusiwa. Gonchig ana mpango wake pia: mshahara ukitoka atanunua hisa moja, airudishe bahati.

"Nunua," mkewe anamwambia. "Lakini nikilala usiku mzima bila kumsikia akikohoa, hiyo hisa yako utaikalia mwenyewe. Mimi bahati yangu nitakuwa nimeshaipata."