Hakuna Aliyetaka Kuwa Muuaji

Ugatuzi ulipokuwa bado mpya, kila mtu Isiolo alikuwa na kikundi cha kitu fulani. Changu kilikuwa cha maigizo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya upili, nikaandika mchezo wa mauaji: mfanyabiashara wa mbuzi anakunywa chai hotelini, anaanguka, anakufa, na mpelelezi anawapanga washukiwa wanne mstari mmoja mpaka mshirika wake wa biashara anakiri. Nilijiona nimeandika jambo kubwa.

Mpelelezi wetu alikuwa fundi cherehani aliyefanya kazi barazani karibu na soko. Hakuwa mwigizaji hata kidogo. Alisahau maneno, na akiyakumbuka aliyasema akitazama viatu vyake. Lakini alifika mazoezini kabla ya wote, na sehemu nyingine hakuitaka. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anakunja koti la mpelelezi, alilojishonea mwenyewe.

"Kijana yangu walimpiga risasi huko Kipsing, akichunga," akasema. "Kila nikienda stesheni naambiwa uchunguzi unaendelea. Mwalimu, mimi nataka mara moja tu mtu aniambie, ni mimi."

Sitataja kabila la fundi huyu. Nikilitaja tu, msomaji wa Isiolo ataanza kukisia ni kina nani waliomuua mwanawe, na ugonjwa huohuo ndio uliotuharibia mchezo.

Onyesho lilipokaribia, mifugo ikaibwa nje ya mji. Watu wakaanza kusalimiana kwa mdomo tu, macho yakiwa kwingine. Ndipo mwuza nyama aliyeigiza yule mshirika akaja kwangu akiwa amenywea.

"Mwalimu, bibi yangu amekataa. Ananiuliza, ukiua mtu hapo mbele ya watu, hawa watoto watapitia wapi kwenda shule?"

Nikamwomba mwingine achukue sehemu hiyo. Akakataa: kwao wangesema tumewachagua makusudi. Waborana wetu wakakataa, Wasomali wakakataa, Waturkana na Wasamburu vilevile. Mtu akapendekeza muuaji awe mgeni kutoka Nairobi, na Mmeru wetu, ambaye tayari wengine mjini walimhesabu mtu wa kuja, akaruka juu. "Mgeni wa Nairobi mtamwangalia nani kama si mimi?" Nilifoka siku hiyo. Niliwaambia hata sumu yenyewe ni sukari. Hakuna aliyecheka.

Mwishowe wakapiga kura. Hakuna atakayekiri. Mpelelezi atawageukia watazamaji aseme uchunguzi unaendelea, basi, pazia lifungwe. Fundi peke yake hakuinua mkono. Nilitamani agome, atukane, nami nimuunge mkono. Badala yake alivaa kofia yake aende zake. Nikamwambia nitamwandikia maneno hayo mapya asije akayasahau.

"Hayo sitasahau," akasema.

Tulionyesha Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mfanyabiashara alikufa vizuri, mjane alilia vizuri, na fundi akasogea mbele, kwa mara ya kwanza akiwatazama watu machoni.

"Uchunguzi unaendelea," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nani pale ndani hakuwahi kuambiwa hivyo? Walipiga makofi, walipiga meza. Niliwachukia wote, na mimi mwenyewe nikiwemo, kwa kuwa kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa tayari kuivuta.

Lakini fundi hakuondoka. Aliwapa watu mgongo, akawaendea washukiwa.

"Ni wewe?" akamuuliza mjane. Mjane akatikisa kichwa. Akamuuliza mpishi wa hoteli, akamuuliza ndugu wa marehemu. Hayo hayakuwa kwenye mchezo. Watazamaji bado walicheka kidogo.

Wa mwisho alikuwa mwuza nyama. Alitazama chini ukumbini, alipokaa mkewe na watoto. Kisha akamtazama fundi.

"Ni mimi, mzee," akasema.

Kicheko kikakatika. Fundi akaushika mkono wake kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Nikajiambia, sasa amepata alichokuja kutafuta.

"Asante, kijana yangu," akasema, kwa sauti yake ya kila siku. "Lakini si wewe."

Nikafunga pazia.